Barua za Wasomaji: Ofisi Inahama, Nami Nihame?

Tangu nigusie habari ya ofisi za serikali kuhamishwa kutoka mji mkuu kwenda miji ya mikoani, barua zimenijia nyingi kuliko za suala jingine lolote nililowahi kuliandikia. Nazielewa. Nilikuwa afisa utumishi kwa miaka 31, na mara mbili nimehama pamoja na ofisi nzima. Mara ya kwanza nilikuwa binti mwenye begi moja. Mara ya pili nilikuwa mama wa watoto watatu, na kalamu iliyoandika orodha ya wanaohama ilikuwa mkononi mwangu. Nimezisoma barua zote. Hizi tano nazijibu hapa, na nyingine nimezijibu ndani ya hizi hizi.

*

Shikamoo Mama. Nina miaka 41, ni mchambuzi wa takwimu katika taasisi ya serikali. Tumetangaziwa kwamba taasisi itahamia mkoani ndani ya miezi 18, mji ulio mwendo wa siku nzima kwa basi. Mume wangu ana karakana yake hapa na wateja wake wote ni wa hapa. Mtoto wetu mkubwa amebakiza mwaka mmoja na ushee amalize sekondari. Mkurugenzi anasema asiyetaka kuhama "atawekewa utaratibu", lakini utaratibu wenyewe hakuna anayeueleza. Wenzangu wananiambia nitulie, mipango ya namna hii hufa yenyewe. Nihame, nisihame?

Marahaba mwanangu. Nianze na hao wenzako, maana wamesema jambo lenye ukweli nusu, na nusu ya ukweli ndiyo inayowaponza watu.

Ni kweli mipango mingine hufa. Desemba 2003, waziri wa fedha wa Ireland, Charlie McCreevy, alisimama kusoma bajeti akatangaza kwamba kazi za serikali zaidi ya 10,000 zingetoka Dublin na kutawanywa katika miji 53. Walipewa miaka mitatu. Miaka minane baadaye, mwaka 2011, serikali mpya iliufuta mpango huo, na kazi zilizokuwa zimehama hazikufika hata nusu ya zilizotangazwa. Mtumishi wa Dublin aliyekaa kimya akisubiri, alisubiri akapona.

Sasa tazama Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko kutoka Dar es Salaam ulitolewa mwaka 1973. Ikapita miaka kumi, ishirini, thelathini. Bunge likawa linakaa Dodoma, mawaziri wanakwenda kwa vikao na kurudi pwani, wizara karibu zote ziko pale pale. Watu waliajiriwa wakastaafu wakisema hautatekelezwa. Halafu Julai 2016 Rais Magufuli akasema serikali inahama. Septemba mwaka huo huo Waziri Mkuu akahamia, Makamu wa Rais akafuata Desemba 2017, Rais mwenyewe 2019. Katikati hapo, mwaka 2018, ikatungwa sheria ya kuitambua Dodoma kuwa makao makuu. Uhamisho uliolala miaka 43 uliwafikia watumishi ndani ya miezi.

Basi unajuaje wako ni wa aina gani? Mimi hutazama kitu kimoja: mwenye saini anakwenda wapi. Simaanishi anayesoma hotuba. Namaanisha yule ambaye jalada lisipopita mezani kwake haliwi kitu. Kama mkurugenzi wako ameshatafutiwa nyumba kule, kama katibu muhtasi wake ameambiwa ajiandae, anza kufunga mizigo moyoni. Kama ofisi yake "itabaki kwa muda" mji mkuu kwa ajili ya uratibu, hapo kuna jambo la kuuliza kwa sauti, tena kikaoni, si korido.

Ninaijua habari hiyo kwa mwili wangu. Uhamisho wangu wa kwanza ulikuwa wa mwenye saini kubaki. Sisi tukapelekwa mkoani, yeye akabaki kwa muda, na muda huo ulikuwa miaka mitatu na miezi miwili. Kila Alhamisi jioni mmoja wetu alipanda basi na sanduku la majalada, akafika alfajiri, akakaa kwenye benchi nje ya mlango wa bosi hadi asainiwe, akarudi Jumamosi. Posho za safari hizo zilikula fungu la mafunzo la mwaka mzima. Na wale waliobaki karibu na mlango wa bosi ndio waliopandishwa vyeo, kwa sababu ndio aliowaona. Wakorea Kusini wana jiji zima la namna hiyo, Sejong, kilomita 120 hivi kusini mwa Seoul. Wizara zilianza kuhamia mwaka 2012, lakini Rais na Bunge walibaki Seoul, kwa hiyo maafisa wakawa watu wa barabarani: asubuhi Sejong, mchana kamati ya Bunge Seoul, usiku kurudi.

Kwa hiyo, la kwanza, omba kwa maandishi mambo manne: tarehe, cheo chako kule, stahiki zako za uhamisho pamoja na za familia, na huo "utaratibu" wa wasiohama ni upi hasa. Neno utaratibu lisilo na waraka nyuma yake lisikutishe wala lisikupe matumaini. Andika barua ya heshima, ipitie masjala igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala. Usiulize kwa simu.

La pili, tarehe ya mtoto. Miezi 18 yako na mwaka na ushee wake vinakaribiana sana. Omba kuingizwa kundi la mwisho, na sababu uitaje bayana: mtihani. Nilipokuwa naandika orodha, maombi ya namna hii niliyapa uzito kuliko mengine yote kwa kuwa yana mwisho unaojulikana. Anayeniambia "bado sijajipanga" simsaidii, sijui atajipanga lini.

La tatu ni mume wako, na hapa nitasema polepole. Katika orodha yangu ya pili, wengi waliokataa kuhama hawakukataa kwa sababu zao wenyewe. Walikataa kwa sababu ya kazi ya mwenza. Serikali huwa inahamisha mtumishi kana kwamba alizaliwa peke yake na anaishi peke yake. Msimalize jambo hili kwa maneno ya sebuleni. Nendeni mkakae kule wiki nzima, siku za kazi, si siku ya mapumziko. Yeye azunguke aone karakana zilizopo, aone kazi gani zinakosa fundi. Mji unaopokea ofisi hupokea pia magari, majenereta na majengo, na fundi mzuri anayefika mapema hupata wateja kabla wengine hawajaamka. Inawezekana pia akaona hapamfai. Hapo mtajua mnazungumzia nini.

Jambo moja ninalokuomba usilifanye ni kuhama peke yako "kwa kuanzia" bila kutaja mwisho. Nimeona nyumba nyingi zikigawanyika hivyo, si kwa ugomvi, kwa uchovu tu. Kama lazima mtengane, andikeni mwezi na mwaka wa kukutana tena, na mwezi huo ukifika mtu mmoja aache kitu.

Ningekuwa wewe, na mwenye saini anahama, ningehama baada ya mtihani. Kama hahami, ningeanza leo kuomba nafasi katika taasisi nyingine inayobaki, sasa hivi nafasi zikiwepo. Mwezi wa kumi na saba mtakuwa mia mnaomba viti vitano.

*

Mama, mimi ni kijana, nimehitimu na sina kazi. Mji wetu umetajwa kupokea ofisi ya serikali. Watu wanasema ajira zitatufuata huku huku. Ni kweli?

Zitakufuata, ila zitakuja na wenyewe. Wanaohamishwa ni watu wenye vyeo vyao tayari. Nafasi yako ipo katika pengo la wasiokuja, na pengo hilo mara nyingi ni kubwa kuliko wakubwa wanavyotarajia. Ofisi ya Takwimu ya Uingereza ilipohamishia kazi zake kutoka London kwenda Newport, Wales, katika kila watumishi kumi wa London karibu tisa hawakuhama. Ikabidi waajiri kule. Hata miaka ya baadaye, 2017, walipofungua kituo chao cha sayansi ya data walikiweka hapo hapo Newport. Swansea nako, mji mwingine wa Wales, ofisi ya leseni za madereva na magari iliyopelekwa huko ni mwajiri wa maelfu ya watu hadi leo.

Ila uliza ni vyeo gani vinavyokuja. Kuna uhamisho wa makarani na mapokezi huku wachambuzi na wakurugenzi wakibaki mji mkuu, na kijana anayeingia kwa mlango huo hukuta ngazi yenye hatua mbili tu. Tafuta sheria iliyoanzisha taasisi hiyo uisome. Soma taarifa zake za mwaka. Jifunze kutunza kumbukumbu. Wakitangaza nafasi za mkataba za kusaidia kupanga majalada, omba hata kama una shahada. Wakati wa uhamisho mtu anayejua jalada liko wapi ana thamani kuliko unavyofikiri, na barua inayofuata itakuonyesha.

*

Mheshimiwa Mama, ninaongoza kitengo cha leseni chenye watumishi 26. Tunahamia mkoani mwakani. Nimewauliza, tisa tu wamesema watahama, na kati ya hao tisa wanne ni wapya. Wakubwa wananiambia watu hawakosekani, tutaajiri. Nina hofu kazi itasimama. Nifanye nini?

Hofu yako ni ya mtu anayejua kazi yake. Nitakusimulia cha kwangu kwanza.

Katika uhamisho wangu wa pili tulikuwa na karani wa masjala, mzee wa makamo, miaka 27 kwenye chumba kimoja. Aliomba kustaafu mapema kwa sababu alikuwa anamuuguza mkewe. Tukamkubalia, tukamwandikia barua ya shukrani, tukampigia makofi. Majalada tukayafunga kwenye makasha, na kila kasha tukaliandika namba ya ghorofa lilikotoka. Ghorofa! Tulipofika kule hakukuwa na ghorofa, lilikuwa jengo la chini. Kasha la "ghorofa ya pili, kusini" lilikuwa na mafao ya wastaafu, mashauri ya nidhamu na ankara za umeme, vyote humo. Yule mzee alikuwa na mpango wake kichwani: jalada la mtu aliyefariki huhamia rafu ya dirishani, lenye shauri mahakamani hulala, la mafao husimama. Haikuandikwa popote. Tulichukua miezi saba kupata jalada la mjane mmoja. Alikuwa anakwenda kwenye jengo letu la zamani mji mkuu, anakuta karatasi mlangoni yenye jina la mji tuliko, anarudi. Nauli ya kutufuata hakuwa nayo. Alilipwa mwishowe, lakini mwaka ule mwanawe alikaa nyumbani bila shule, na jambo hilo silisahau.

Kwa hiyo wakubwa wanaposema watu hawakosekani, wajibu kwa unyenyekevu kwamba watu hawakosekani ila ujuzi unakosekana, na ujuzi haujazwi kwa tangazo la nafasi. Mifano ipo ya kuweka kwenye dokezo lako.

Australia walikuwa na mamlaka inayopitisha dawa za mashamba na za mifugo. Mwishoni mwa 2016 iliagizwa iondoke Canberra kwenda Armidale, mji ulio katika jimbo la uchaguzi la waziri aliyetoa agizo, Barnaby Joyce. Wanasayansi wengi wakaacha kazi, na mwanasayansi wa kutathmini sumu hapatikani kwa wiki mbili. Marekani, shirika la serikali kuu linalosimamia ardhi ya umma lilitakiwa kutoka Washington kwenda majimbo ya magharibi, makao makuu yake yawe Grand Junction, Colorado. Watumishi 328 waliambiwa wahame. Waliohama ni 41, na waliokwenda Grand Junction yenyewe ni watatu. Wengine wakastaafu au wakatafuta kazi kwingine. Mwaka 2021 ukatolewa uamuzi wa kurudisha makao makuu Washington. Waliokuwa wamekwenda zao hawakurudi nayo. Na ile ofisi ya takwimu niliyomtajia kijana hapo juu, mwaka 2016 Charles Bean aliikagua hali ya takwimu za uchumi Uingereza kwa niaba ya serikali, akaandika kwamba kupotea kwa wataalamu wakati wa kuhamia Newport kuliiumiza kazi yenyewe. Leo Newport ni kituo chenye heshima. Ila kuna miaka katikati ambayo nchi nzima ililipia ada ya kujifunza.

Mfano wa upande mwingine: Wakala wa Dawa wa Ulaya ulilazimika kuondoka London baada ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya. Watumishi kama 900. Kabla nchi wanachama hazijapiga kura mji upi uwapokee, wakala uliwauliza watumishi wake mji kwa mji: ukichaguliwa huu, utahama? Majibu yakatangazwa hadharani. Amsterdam ilikuwa miongoni mwa miji ambayo wengi walisema wangehamia, ikachaguliwa Novemba 2017, wakahama 2019, na sehemu kubwa ya watumishi wakafuata. Angalia, hao nao hawakupenda kuhama. Waliulizwa kabla ya uamuzi, basi.

Wewe uamuzi umeshatolewa juu yako, kwa hiyo ulichobaki nacho ni mwaka mmoja na watu 17 watakaobaki. Hao 17 ndio mtaji wako. Kosa ambalo kila ofisi hulifanya ni kuanza kuwachukulia kama watoro. Wananyimwa safari, wananyimwa mafunzo, wanatazamwa kwa jicho la pembeni, nao wanaondoka mwezi wa tatu badala ya wa kumi na mbili. Waite mmoja mmoja. Waambie unaelewa. Waulize watafika hadi lini, na wanachotaka ili wafike.

Kisha waajiri wapya mapema, miezi sita kabla, kutoka mji mnaokwenda, waje wakae nao mji mkuu meza kwa meza. Wakubwa watakuambia hakuna fungu la watu wawili katika kiti kimoja. Lipiganie fungu hilo kuliko fungu la samani. Samani mpya hazijui kwa nini leseni fulani ilikataliwa mara mbili kabla ya kupitishwa.

Usiwaandikishe vitabu vya mwongozo virefu, hakuna atakayevisoma. Chukua majalada magumu kumi ya miaka ya karibuni, aliyeyashughulikia amsimulie mgeni tangu ukurasa wa kwanza, na mgeni ndiye aandike. Mwenye ujuzi hajui anachokijua mpaka aulizwe na asiyejua. Makasha yaandikwe jambo lililomo, na orodha iwe nakala tatu, moja isisafiri na lori. Na acha dirisha moja mji mkuu, lenye mtu hai, kwa mwaka mzima baada ya kuhama. Karatasi mlangoni haitoshi.

Mwenye saini wa leseni ni wewe au ni mwingine? Kama ni mwingine na hahami, omba akasimu madaraka kwa maandishi kabla lori halijaondoka. Baada ya hapo atakuwa amezoea kuletewa.

*

Ndugu mhariri wa safu hii, mimi ni diwani. Mji wetu mdogo umeahidiwa taasisi moja ya serikali, watumishi kama 80. Wananchi wamefurahi, wenye nyumba wameanza kupandisha kodi kabla hata mtu mmoja hajafika. Tufanye nini ili tufaidike?

Mheshimiwa diwani, hao wenye nyumba wazungumze nao wiki hii. Mtumishi anayekuja kutazama akikuta kodi imepaa, anaandika kwenye fomu yake "sitahama", na fomu ile haifutiki.

Nikuulize: mtumishi wenu atakayetaka kupanda cheo baada ya miaka mitano ataenda wapi? Taasisi ya watu 80 ina viti vichache vya juu. Ikiwa ni taasisi pekee ya serikali kuu katika mji, lazima ahame tena, na familia inayojua itahama tena haijengi, haipandi mti, haianzishi biashara. Naamini hili ndilo lililouvuruga mpango wa Ireland kuliko kitu kingine. Waligawa kidogo kidogo katika miji 53 ili kila jimbo lipate chake, na kila mji ukapata kipande kisichoweza kusimama. Dodoma walifanya kinyume. Wizara ziliwekwa pamoja Mtumba, mji wa serikali, kwa hiyo afisa anaweza kutoka wizara moja kwenda nyingine bila kubadili nyumba wala shule ya mtoto. Chuo Kikuu cha Dodoma kilikuwepo tangu 2007, kwa hiyo mwenza msomi na mtoto aliyemaliza shule walikuwa na pa kushika. Tangu 2024 treni ya umeme inaunganisha Dar es Salaam na Dodoma, na waliolazimika kuacha nyumba pwani hawamalizii mwisho wa juma barabarani.

Ninyi hamwezi kujenga chuo kikuu wala reli. Lakini mnaweza kukaa na madiwani wa miji miwili mitatu ya jirani, mkaenda pamoja kuomba taasisi zinazofanana kazi ziwekwe mji mmoja, hata kama mji huo si wenu. Najua ninachokuomba ni kigumu kwa mtu anayepigiwa kura. Mji wenye taasisi tano kilomita thelathini kutoka kwenu utawafaa kuliko taasisi moja yenu itakayofungwa mlango baada ya miaka sita. Norway mwaka 2003 Bunge liliamua kutoa mamlaka kadhaa za udhibiti Oslo, ya ushindani wa biashara ikaenda Bergen, ya usafiri wa anga ikaenda Bodø. Watumishi wengi wa Oslo hawakufuata, ikabidi kuajiri na kufundisha upya. Ila Bergen ni mji mkubwa wenye chuo kikuu na shule ya biashara, wapo wa kuajiri na wapo wa kufundisha. Jiulizeni mnao wangapi.

Halafu kuna kitu ambacho wananchi wenu lazima wakielewe ili wasije wakakasirika bure. Ofisi ikihamia kwenu, maamuzi yake hayajahamia kwenu. Kenya ilipoanza ugatuzi mwaka 2013, kaunti 47 zilipata magavana wao, mabunge yao na mgao wao wa fedha. Huko ndiko kugawana madaraka. Taasisi yenu itaendelea kupokea amri kutoka kule kule ilikotoka. Mtapata wapangaji, wateja sokoni na watoto wapya shuleni. Kisima na barabara mtaendelea kuviomba mlikokuwa mkiviomba.

Kabla hawajafika, hakikisheni mambo matatu ambayo wanaokuja kutazama mji huyauliza kwanza, nayajua kwa sababu nilikuwa miongoni mwao: maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, daktari wa watoto yupo, na shule ina nafasi. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za ukumbi wa mikutano.

*

Mama, sijui kama barua yangu inahusika. Mimi nafanya usafi katika jengo la wizara mji mkuu, miaka kumi na moja sasa. Mwajiri wangu ni kampuni yenye mkataba na wizara. Wizara inahama. Sisi hatujaambiwa chochote. Tuko 14.

Inahusika, na nimekuweka mwisho ili nikujibu bila haraka.

Katika ile orodha niliyoiandika, watu kama wewe hawakuwemo. Ilikuwa ya watumishi wa umma, na ninyi ni wa kampuni. Kulikuwa na mama mmoja aliyefagia ghorofa yetu tangu kabla sijafika. Aliniuliza wiki moja kabla ya malori, "Nasi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa na majina ya watu wote wa jengo lile isipokuwa yeye na wenzake, na yeye ndiye aliyekuwa anafungua milango asubuhi. Nilipaswa kuuliza mapema. Sikuuliza.

Basi wewe uliza sasa. Mwajiri wenu kisheria ni kampuni, kwa hiyo barua iende kwa kampuni, muisaini wote 14, na nakala ipelekwe kwa afisa utumishi wa wizara. Ulizeni mkataba kati ya kampuni na wizara unaisha lini, maana ninyi mnaongozwa na tarehe hiyo kuliko ya malori. Ulizeni kama kampuni ina majengo mengine mji mkuu ya kuwahamishia. Ulizeni hilo jengo litamilikiwa na nani baada ya wizara kutoka. Majengo ya serikali hayabaki matupu siku nyingi. Bunge la Ujerumani lilipiga kura mwaka 1991, 338 kwa 320, kuondoka Bonn kwenda Berlin, na watu wa Bonn walidhani mji wao umekwisha. Wizara kadhaa zikabaki na makao yake pale, na ofisi za Umoja wa Mataifa zikaingia. Majengo yale yanafagiwa hadi leo. Atakayeingia katika jengo lenu atahitaji watu wanaojua bomba lipi linavuja mvua zikinyesha.

Kama jibu litakuwa kusitishiwa kazi, miaka yako kumi na moja ina haki zake: notisi, malipo ya likizo uliyolimbikiza, kiinua mgongo au malipo ya kupunguzwa kazi kwa kadiri sheria ya kazi inavyosema, na cheti cha utumishi. Kusanya hati zako za mishahara tangu leo. Ukikuta kuna miezi kampuni haikuwasilisha michango yako ya hifadhi ya jamii, nenda kwenye mfuko mapema, kampuni ingali ina mkataba na serikali na ina sababu ya kusikiliza.

Barua ya kampuni ikijibiwa, nitumie nakala. Na isipojibiwa kwa siku thelathini, niandikie pia.